Nyumba Yenye Mtu Ndani

Mwanjelwa, Mbeya
3 Juni 2024

Ndugu mpangaji,

Habari za huko Mtwivila. Hunijui. Naitwa Ng'washi, nauza mchele hapa sokoni Mwanjelwa. Barua hii nimeituma kwa basi hadi kwenye duka linalotazamana na nyumba unayoishi, maana sikupewa jina lako wala namba yako ya simu.

Nakuandikia kwa nia njema. Nyumba hiyo tumeinunua mimi na mume wangu Magesa. Mwenye nyumba, kaka Silvester, tumeshampa nusu ya fedha, na iliyobaki tutamkabidhi mwanzoni mwa Julai. Anasema notisi ameshakupa. Lakini na mimi ni mpangaji, najua uchungu wa kuambiwa toa vitu vyako. Tangu barabara kuu ya hapa ianze kupanuliwa, mwenye nyumba wangu anapandisha kodi kila anapojisikia. Kwa hiyo nimeona nikuambie mwenyewe, kibinadamu: hadi mwisho wa Julai uwe umepata pa kwenda.

Jambo moja. Nilipokuja kuitazama nyumba mwezi wa Mei hukuwepo, na chumba cha uani kilikuwa na kufuli. Mle ndani mna nini? Binti yangu Happy anaanza chuo hapo Iringa na nilitaka kiwe chumba chake.

Namba yangu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Ni mimi,
Ng'washi (Mama Happy)

*

Mtwivila, Iringa
8 Juni 2024

Kwako Ng'washi,

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa.

Mle ndani mna cherehani yangu. Mimi si mpangaji. Sijawahi kumlipa mtu kodi katika nyumba hii, na hakuna notisi niliyopewa. Hapa hapauzwi. Kama umetoa fedha, mfuate uliyempa.

Simu sitakupigia. Maneno ya simu mtu anayakana kesho yake. Ukiwa na la kusema liandike, uweke na jina lako chini, na ulipitishe dukani kama ulivyofanya.

Mwenye Nyumba

*

Mwanjelwa, Mbeya
12 Juni 2024

Wewe Mwenye Nyumba usiye na jina,

Silvester alituonya. Alisema, "Yule mama ni mkorofi, kodi halipi, na mkimsogelea atawaletea maneno." Nikamtetea, nikasema labda ana shida. Sasa nimeona.

Ngoja nikwambie unacheza na nini. Wazazi wangu walishuka Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga, mimi nikiwa mgongoni. Baadaye tukaambiwa bonde lile si letu, tukahama tena. Mara zote tulihama na ng'ombe, kwa hiyo tulijua watoto watakunywa nini. Safari hii Magesa ameuza wote waliobaki. Zizi la uani ni tupu. Anaamka asubuhi anakwenda kulisimamia, halafu anarudi ndani.

Kwa fedha ile, hapa Mbeya tungepata kiwanja kitupu mbele ya Uyole, na maji ya kubeba kichwani. Ndipo dalali Gwakisa akatuambia, "Iringa bado bei iko chini, wahini kabla watu wa Dar hawajashtuka." Akatukutanisha na Silvester. Na Silvester naye hauzi kwa kupenda. Mkewe, marehemu Verediana, alifariki, na kila akiingia humo ndani anamwona. Ndiyo sababu anauza kwa bei ya chini, aondoke. Alilia mbele yetu, mtu mzima. Magesa alimpa rambirambi, mimi nikampa debe la mchele.

Mtu amefiwa. Usimwongezee machungu. Julai ikiisha tunahamia.

Ng'washi

*

Mtwivila, Iringa
17 Juni 2024

Ng'washi,

Verediana ni mimi.

Ule mchele nimeula. Aliuleta mwisho wa Mei akasema kapewa na rafiki yake wa Mbeya. Niliupika na maharage, nikausifia kwamba unanukia. Yeye alikaa pale mezani ananitazama ninavyokula, akaongeza sahani.

Silvester ni mume wangu wa ndoa ya kanisani. Tuna mtoto mmoja, Justine, yuko jeshini. Nyumba hii tuliianza tukiwa tunaishi chini ya turubai. Bati zote ni za sare za shule nilizoshona mimi kwenye chumba hicho ulichokuta na kufuli. Mwezi wa Mei nilikuwa Kilolo, kwenye msiba wa shangazi. Nauli alinipa yeye, akanisisitiza nisiharakishe kurudi. Nikamwona ana utu.

Na mimi nakuuliza, unijibu kama mwanamke. Huyo Magesa yupo kweli? Silvester anaendesha lori la Tunduma, na siku hizi analala huko kuliko hapa. Nasikia kuna mtu. Kama ni wewe, na huo mchele ulikuwa wa kunipumbaza, sema tujue moja.

Na kama si wewe, basi umeibiwa, na nitakuonyesha kwamba umeibiwa. Nani alikwambia Iringa ni rahisi? Nenda Gangilonga, kwa wenye nacho, ukaulize bei, utarudi umeshika kichwa. Hata hapa kwetu, nyumba ya jirani yangu, ndogo kuliko hii, isiyo na maji ndani, mwaka jana imeuzwa milioni arobaini na tano. Wewe umetajiwa ngapi? Muulize mtu yeyote wa hapa asiyekuwa dalali.

Ukija na mizigo utanikuta mlangoni.

Verediana

*

Mwanjelwa, Mbeya
21 Juni 2024

Dada Verediana,

Sijui kama namwandikia mtu au nachezewa. Nimeandika jina lako hapo juu, nikalifuta, nikaliandika tena.

Ishirini na mbili. Hiyo ndiyo bei. Kumi na moja ameshachukua.

Magesa yupo, amekaa hapa mlangoni anaosha viatu vyake. Mimi si huyo mwanamke. Silvester nimemwona mara tatu tu, na mara zote mume wangu akiwepo.

Nimefanya ulivyosema. Nina mteja wa Iringa anayenunua mchele kwangu, nikamwuliza tu juu juu, nyumba ya vyumba vitatu Mtwivila inaweza kuwa milioni ishirini na mbili? Alicheka. "Mama Happy, hiyo labda Nyololo huko, pembeni ya barabara. Mtwivila kwa hela hiyo watakuuzia ukuta."

Nikamwambia Magesa kila kitu. Aliuliza swali moja.

"Karatasi za kiwanja zina jina la nani?"

"La Silvester."

"Basi. Mke ni wake, ugomvi ni wao. Sisi tumalizie, tuhamie."

Nikamwambia, "Lakini yule mama yumo ndani."

Akasema, "Na sisi tulikuwa ndani tulipoambiwa tutoke Usangu. Nani alituuliza?"

Nimechukua daftari la mauzo, dada, adhani napiga hesabu.

Nakuandikia bila yeye kujua. Makabidhiano ni Jumamosi, tarehe sita Julai, saa nne, ofisini kwa Gwakisa hapo Uyole, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Kama kweli wewe ndiye, njoo. Magesa akisikia habari zako kwangu, ni maneno ya mwanamke mwenye huruma. Akikuona, ni kitu kingine. Usipokuja sitaweza kumzuia, na sitasema uongo kwamba nitajaribu sana. Nimechoka kupanga.

Ng'washi

*

Mtwivila, Iringa
27 Juni 2024

Ng'washi,

Yuko hapa. Amekuja jana na kitenge kipya na samaki wa Mtera, anacheka cheka. Ameniita mama Justine mara nyingi kuliko mwaka mzima. Leo asubuhi akasema ndugu zangu wa Kilolo wamempigia simu, wananihitaji kwenye mambo ya mirathi ya shangazi. Niende tarehe nne, nikae hata mwezi, yeye ataangalia nyumba. Nauli hii hapa.

Ndugu zangu hawana namba yake.

Nimesema sawa. Nimekubali kila kitu. Nimetoa begi, na yeye akanisaidia kukunja nguo, anazipanga vizuri, anauliza, "Hii sweta hutaihitaji? Kilolo baridi." Nilikuwa naitazama mikono yake. Nimeishi na mikono hiyo miaka yote, sikujua inaweza kunikunja na mimi hivyo.

Nikimwekea chai inamwagika kwenye sahani. Naogopa ataona.

Nitapanda gari ya Kilolo mbele ya macho yake, nitashuka Ipogolo, nitarudi kupanda basi la Mbeya. Nina mdogo wangu wa kanisani hapo Uyole, nitalala kwake. Niambie nikae wapi siku hiyo na niingie saa ngapi. Jibu lipite dukani. Mwenye duka nimeshamwambia asimpe mtu mwingine, hata akidai ni mume wangu. Hasa huyo.

Verediana

*

Mwanjelwa, Mbeya
1 Julai 2024

Dada,

Mkabala na ofisi ya Gwakisa kuna mama anauza supu. Kaa ndani kwake, si barazani. Mimi nitavaa kanga ya njano. Nikitoka nje nikasimama mlangoni, hiyo ndiyo saa, ingia. Usinisalimie kama unanijua.

Ichome barua hii.

N.

*

Mwanjelwa, Mbeya
9 Julai 2024

Dada Verediana,

Tuliachana pale polisi, mwenyekiti alikotupeleka sote, hata hatujaagana. Wewe uliingia mambo yakiwa yameiva, sasa nikwambie yaliyotangulia, uyajue.

Silvester alikuja amevaa shati jeupe, kanyoa. Magesa akaweka bahasha ya fedha mezani, akalaza mkono juu yake. Mwenyekiti akauliza kama muuzaji ana mke, maana sheria inataka mke aridhie. Silvester akainama.

"Nilikuwa naye, mwenyekiti."

Nikasema, "Pole tena, shemeji. Hivi marehemu alisumbuliwa na nini?"

"Presha. Alianguka tu."

"Mlimzika wapi?"

"Kwao Kilolo." Akatoa leso. "Mvua ilinyesha siku hiyo, hata kaburi halikuchimbika vizuri."

Magesa akanikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Alikuwa anamwonea huruma, dada. Mume wangu alikuwa anamwonea huruma. Ndipo nikatoka nje.

Ulipoingia ukamsalimia kwa Kihehe, "Kamwene, baba Justine," mimi sikumtazama Silvester. Nilimtazama Magesa. Aliona yule mtu anavyorudi nyuma na kiti chake hadi ukutani, akajua. Akaichukua bahasha, akaitia kifuani, akasimama, akakupa wewe kiti alichokalia. Hilo uliliona mwenyewe. Ambalo hukuliona ni kwamba tulipofika nyumbani alikwenda kwenye zizi, akakaa chini kabisa, kwenye vumbi.

Sasa habari mbaya. Silvester amerudisha milioni nne tu. Nyingine, unakumbuka alivyowaambia polisi, imeingia kwenye kiwanja cha Tunduma, kwa jina la yule mwanamke wake. Huko mpakani kiwanja kitupu kinauzwa bei ya nyumba, naye alikuwa anauza rahisi huku akanunue ghali kule. Ameandikishwa kulipa kidogo kidogo. Na Gwakisa anasema yeye alidanganywa kama sisi.

Dada, ninaandika hili kwa aibu. Nyumba umebaki nayo. Mume ni wako. Kiwanja chako kina nafasi kubwa nyuma, niliiona. Huwezi kukata kipande ukauza, utufidie hata nusu? Mwenye nyumba wangu amesema mwisho wa mwezi niwe nimetoka. Kama si mimi, leo ungekuwa nje, na kaburi ukiwa nalo.

Ng'washi

*

Mtwivila, Iringa
15 Julai 2024

Ng'washi,

Silvester hajarudi. Alimtuma mdogo wake achukue nguo zake, nikazitoa hadi getini. Jumatano nilikwenda ofisi ya ardhi kuweka zuio, nyumba isiuzwe bila mimi. Nilijaza jina langu kamili.

Juzi alikuja mzee mmoja dereva, rafiki yake Silvester wa zamani, na bahasha ya mchango wa msiba wangu. Madereva wenzake walichangishana. Alinikuta naanika mashuka. Alikaa chini pale pale kwenye ngazi. Mimi ndiye niliyemletea maji na kumwambia pole.

Sasa ombi lako. Nimelilalia siku tatu, na jibu ni hapana.

Deni si langu. Nikikata kiwanja changu nikakulipa, nitakuwa nimemlipia yule mwanamke wa Tunduma. Nimelala chini ya turubai kwa ajili ya ardhi hii. Najua ulichonifanyia. Ungeweza kulipa ukahamia, na sheria ingechukua miaka kunirudisha. Najua pia hutanipenda kwa barua hii. Lakini siuzi, Ng'washi, hata kipande cha kupandia mchicha. Usiniombe tena.

Happy akija chuo, hapa kuna chumba. Hilo naweza, na kodi sitachukua.

Verediana

*

Mtwivila, Iringa
18 Agosti 2024

Ng'washi,

Mwezi umepita hujajibu. Nilituma salamu kwa yule mteja wako wa mchele, akasema pale sokoni siku hizi kuna mtu mwingine, na chumba chenu kimepangishwa. Hakujua mmekwenda wapi.

Namba yako bado ninayo kwenye bahasha ya kwanza. Nimepiga. Ndiyo, nimepiga simu. Haipatikani.

Sijabadilisha jibu langu. Nataka tu kujua mnalala wapi. Barua hii nampa kondakta aulize wauza mchele wote wa Mwanjelwa hadi apatikane anayekujua.

Verediana

*

Nyololo, Mufindi
22 Septemba 2024

Dada Verediana,

Barua yako imenifikia imechoka, imepita mikono mingi, ina alama ya mafuta ya taa. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na kila nilichoandika nilikichana. Nilikuchukia mwezi mzima. Ningekuwa wewe ningesema hivyo hivyo, na hilo lilizidi kuniudhi.

Simu niliiuza. Tulitoka Mwanjelwa mwisho wa Julai, tukahifadhiwa kwa shemeji yangu Igurusi, watu wengi chumba kimoja. Silvester hajaleta hata senti tena. Happy yuko chuoni, anakaa hosteli. Baba yake amekataa asilale kwako. Anasema ataona aibu kumtembelea binti yake katika nyumba aliyotaka kumtoa mtu. Mwache kwanza. Happy mwenyewe atakuja kukusalimia, nimemwelekeza.

Basi, tukasikia kuna mzee anauza nyumba hapa Nyololo, anaitwa Jailos. Tofali za kuchoma, vyumba viwili, milango miwili haina. Malori yakipita kuta zinanguruma. Lakini bei yake ni ya watu kama sisi. Mzee alitaka milioni kumi na mbili, Magesa akaanza kutabasamu, mara ya kwanza tangu Uyole.

Nikamwuliza mzee, "Mama yuko wapi?"

"Yuko jikoni. Wa nini? Nyumba ni yangu."

Nikasema sitakaa hadi nimwone. Magesa safari hii hakunikanyaga mguu. Alisema, "Mzee, twende unionyeshe mipaka," akamtoa nje.

Mama alikuja na unga mikononi. Nikamwuliza, "Mama, mnauza?"

Akatazama mlangoni kwanza. Nikamwacha atazame hadi achoke.

"Tunauza," akasema. "Tunakwenda Makambako kwa binti yetu. Miguu yangu haipendi tena baridi ya hapa."

"Wewe umekubali?"

"Mimi ndiye niliyesema twende."

"Kwa shilingi ngapi?"

Akafuta mikono kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja. "Kumi na nne. Yeye anasema kumi na mbili kwa sababu hakubeba maji ya kufyatulia tofali hizi. Nilibeba mimi, kutoka kule bondeni."

Dada, tulikuwa na kumi na tano tu duniani. Magesa aliporudi nikamtajia, akaniangalia kama vile nimemuuza yeye. Magesa akaniambia kwa Kisukuma kwamba nimerogwa, kwamba milango itanunuliwa na nani. Kisha akamtazama yule mama, akatazama tofali. Akaitoa bahasha. Akamkabidhi mama, si mzee.

Tumeandikishana mbele ya mwenyekiti wa kijiji, majina manne yote yapo, mawili yao na mawili yetu. Milango nimeziba kwa magunia ya mchele. Upepo wa hapa ni mkali, lakini nimepata pa kuuzia kando ya barabara, na madereva wananunua. Huwa natazama kila lori la Tunduma. Silvester akipita nitamjua.

Siku ya kuhama kwao, gari lilikuwa limeshawashwa, vitu vimefungwa kamba, mzee ameshapanda. Yule mama akasema subirini. Akarudi ndani peke yake, akakaa humo. Mzee akaanza kupiga kelele kwamba wanachelewa. Magesa akamwendea dirishani, akamwambia, "Mzee, zima gari."

Gari likazimwa. Tukasimama nje sote, kwenye baridi, hadi mama alipotoka mwenyewe.

Ng'washi